Kengele ya mlangoni yenye saa: ya kasha au ya mirija, mota yake au betri?

Mwezi wa Mei binamu yangu alinipigia simu akiwa Louisville, kwenye nyumba ya marehemu mmoja ambayo jamaa zake walikuwa wakiuza kila kitu hadi vijiko. "Kaka, nimezikuta kengele mbili," akasema. "Moja fupi, ya jikoni. Nyingine ina mirija mirefu inaning'inia. Zote zina saa. Nichukue ipi?" Nikamsikia akigonga mrija kwa ukucha, na sauti yake ikanifikia mimi huku Ohio, tamu kweli. Nikamwambia aache kugonga, azigeuze zote mbili, anisomee kilichoandikwa nyuma ya saa.

Hilo ndilo ningependa kila anayeanza kukusanya vitu hivi alishike. Kengele ya umeme ya miaka ya 1940 au 1950 ni koili (uzi wa shaba uliozungushwa mara nyingi), kipande cha chuma kinachoruka ndani yake, na springi. Koili ikiwa haijaungua, kengele itafufuka, tena kwa kazi ya jioni moja tu. Saa ndiyo inayoweza kukushinda, na ndiyo inayoamua kama umenunua chombo cha kutumia au pambo la ukutani. Lakini sisi sote tunaponunua tunavutwa na sauti.

Kwa asiyewahi kuziona: kengele hizi ni za nyumba za Marekani. NuTone ilianzishwa na J. Ralph Corbett mjini Cincinnati mwaka 1936. Rittenhouse ilikuwa Honeoye Falls, jimbo la New York. Kampuni za namna hiyo ziliwafanya watu waache kengele ya zamani iliyokereza masikio na kuchukua ile inayogonga mirija au vibao vya chuma kwa sauti laini. Baadhi ya kengele hizo zilitiwa saa ya umeme katika kasha lilelile, zikatundikwa jikoni, mahali ambapo mwenye nyumba alikuwa akitazama saa na kusikiliza mlango kwa wakati mmoja.

Kasha fupi au mirija mirefu

Kasha fupi lina saa mbele, na ndani lina mirija miwili mifupi au vibao viwili bapa. Mgeni akibonyeza kitufe cha mlango wa mbele, umeme unaivuta nondo ndogo ya chuma ndani ya koili, nayo inagonga kibao cha kwanza. Akiachia kitufe, springi inairudisha nondo kwa nguvu, inagonga kibao cha pili. Ndiyo maana mtu mwenye haraka hupata sauti mbili zilizofuatana mara moja, na mtu anayekawia na kidole kwenye kitufe husikika anakawia. Koili ya mlango wa nyuma imezuiwa upande mmoja kwa kipande cha felti, kwa hiyo inagonga mara moja tu. Aliye jikoni anajua ni mlango upi bila kutoka.

Ile ya mirija mirefu ina kasha juu na mirija inayoning'inia chini, mingine mita 1 na zaidi. Sauti yake haikatiki haraka. Inajaa ukumbini halafu inafifia polepole. Zipo za mirija miwili, na zipo za mirija minne zinazopiga noti nane za wimbo wa Westminster, ule wa saa kubwa ya Bunge la London. Hizi za noti nane zina mota yao ya pili, inayozungusha swichi na kuziamsha koili moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mgeni wa kazi hii anapopotea: mota ya saa, mota ya wimbo, koili nne, na vidole vya swichi vyenye kutu ya miaka 70. Nimeona watu wazuri wakilirudisha kasha kabatini na wasiliguse tena.

Kama hujawahi kufungua hata moja, chukua kasha fupi. Nasema hivyo nikijua mirefu ndiyo mizuri zaidi.

Ukichukua ya mirija, jambo moja tu la kuangalia kabla ya kulipa: mirija iwe yote, na isiwe imekatwa. Urefu wa mrija ndio noti yake, na tofauti ndogo inasikika. Kwenye mrija wa mita 1, ukiukata sentimita 3 tu, sauti inapanda karibu nusu toni, na ule wimbo hautakaa sawa tena. Shaba ya manjano iliyopigwa vanishi hupata madoa meusi pale vanishi ilipobanduka. Watu huisugua wakachubua vipande, ikawa na mabaka. Ama iondoe vanishi yote, ung'arishe, upake upya, ama iache na madoa yake. Mimi huiacha. Mrija wenye doa unalia sawasawa na mrija unaong'aa. Uliobonyea, la.

Saa: hapa ndipo pa kukaa kitako

Waliotengeneza kengele mara nyingi hawakutengeneza mota ya saa. Waliinunua kwa watu wa saa, na jina la aliyeitengeneza limeandikwa nyuma yake. Jina ambalo wakusanyaji hulitafuta kwanza ni Telechron, na mota hiyohiyo utaikuta ndani ya saa nyingi za General Electric.

Asili yake inafaa kujulikana, maana inaeleza jinsi saa hizi zinavyokwenda. Henry Warren wa Ashland, Massachusetts, mwenye kampuni iliyokuja kuitwa Telechron, alikuwa na mota ndogo inayozunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wa nyumbani, na inayoanza yenyewe ikichomekwa. Tatizo lilikuwa kwamba mapigo ya umeme wa siku zile yalipanda na kushuka, kwa hiyo saa nazo zikapotea. Mwaka 1916 akaweka saa kuu kwenye kituo cha umeme cha Boston. Ilikuwa na akrabu mbili, moja ikiendeshwa na pendulamu, nyingine na umeme wa kituo. Mafundi wa kituo walitakiwa kuhakikisha zinakwenda pamoja. Umeme uliponyooshwa, kila saa iliyochomekwa kwenye umeme huo ikanyooka nayo.

Kwa hiyo saa ya aina hii haichelewi kidogo kidogo. Ama iko sawa, ama imesimama. Ukimkuta muuzaji anasema, "Inachelewa dakika tano kwa siku," ujue akrabu zinateleza kwenye mhimili wake, au mota imekauka na inasimama mara kwa mara. Saa nyingi za Telechron za miaka ya mwanzo zilikuwa na tundu dogo usoni ambalo huonyesha nukta nyekundu umeme ukikatika, ili ujue kwamba saa ilisimama ikaanza tena na huwezi kuiamini mpaka uirekebishe. Ukiipata yenye nukta hiyo na bado inafanya kazi, ifurahie.

Kuipima hakuhitaji maarifa makubwa. Saa ikiwa haijachomekwa, weka mita ya kupimia umeme kwenye ncha mbili za waya wake. Ikionyesha omu (kipimo cha ukinzani wa waya) mia kadhaa, au elfu na kitu, koili ni nzima. Isipoonyesha chochote, uzi wa ndani umekatika, na hapo bei lazima ishuke sana. Ikiwa koili ni nzima lakini saa inanguruma bila kwenda, tatizo liko kwenye rota.

Rota ya Telechron ni kopo dogo lililozibwa. Ndani yake kuna kisahani cha chuma kinachozunguka mara 3,600 kwa dakika na gia ndogo ndogo za kupunguza kasi hiyo, zote zikilowana mafuta. Baada ya miaka 70 mafuta yameganda au yametoka. Ukiipasha joto kidogo na kuilaza kichwa chini usiku kucha, huenda ikaamka, lakini dawa hiyo haidumu. Dawa yenyewe ni kutoboa kitundu kidogo mno kwenye kopo, kuosha mafuta yaliyoganda, kutia matone machache ya mafuta mepesi ya mashine, kisha kuziba kwa risasi ya kulehemu. Usitumie mafuta ya kupikia, wala dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu. Dawa hiyo hulegeza kwa wiki moja, kisha hukauka na kuacha gundi.

Kama unatafuta rota nyingine badala ya kuitengeneza, soma herufi na nambari iliyogongwa kwenye kopo. Zinazopatikana zaidi ni za aina ya B, kubwa na za zamani, na za aina ya H, ndogo. Herufi na nambari lazima zilingane na ile unayoiondoa, vinginevyo ama haitakaa mahali pake, ama saa itakwenda kwa kasi isiyo yake.

Waya wa kuingia ukutani ubadilishwe, hata ukionekana mzima. Mpira wa zamani ndani ya kitambaa cha waya hupukutika kama mkate mkavu ukiupinda, na ndani ya kasha moja kuna nyaya za volti 120 za saa na nyaya za volti 16 za kengele zikiwa karibu. Kuna saa zinazotumia umeme mdogo, kwa hiyo soma koili kwanza. Lakini ikiandikwa volti 120, nyaya hizo zisigusane kamwe na za kengele, maana kitufe cha nje ya mlango hushikwa na mtoto wa jirani mwenye mikono iliyolowa mvua.

Kuitengeneza mota, au kutia mashine ya betri?

Huu ndio ubishi mkubwa kati ya wakusanyaji, nami nina upande wangu. Nitaziweka njia zote mbili ubavu kwa ubavu kwanza.

| | Mota yake ya asili | Mashine ya betri |
|---|---|---|
| Usahihi | Hufuata umeme wa mji. Haipotei umeme ukiwapo | Hupotea sekunde chache kila mwezi |
| Umeme ukikatika | Husimama | Haijali |
| Akrabu ya sekunde | Inateleza bila kuruka | Nyingi hudunda kila sekunde |
| Akrabu za zamani | Hubaki | Mara nyingi hazitoshei mhimili mpya |
| Kazi | Jioni kadhaa, na uvumilivu | Saa moja |
| Umeme wa hezi 50 (mapigo 50 kwa sekunde; wa Marekani ni 60) | Haifai | Inafaa popote |

Mstari wa akrabu ndio unaoumiza wengi. Mtu ananunua kengele nzuri ya 1948, anatia mashine ya betri, kisha anagundua kuwa zile akrabu nyembamba nyekundu hazikai. Anaweka akrabu za plastiki zilizokuja na mashine, na uso wote wa saa unakuwa mgeni. Akrabu za zamani zinaweza kupanuliwa tundu kwa kijiti cha msasa, polepole, ila ukikosea mara moja hazirudi.

Upande wangu ni huu. Ukikaa Marekani au Kanada, itengeneze mota. Ile akrabu ya sekunde inayoteleza kimya juu ya jiko asubuhi ndiyo sababu ya kuwa na kitu hiki. Mama yangu alipokuja kututembelea, alikaa kwenye kiti akiitazama muda mrefu kuliko runinga. Wajukuu wakamsomea saa tatu, yeye akasema saa tisa alasiri, na kila mmoja alikuwa sahihi.

Mashine ya betri naikubali kwa sharti moja: usitoboe, usikate, usigundishe. Zipo mashine nyembamba zinazoshikwa na nati moja katikati, kwenye tundu lililokuwapo. Mota ya zamani, rota, skrubu na akrabu zake zitie kwenye mfuko, ziuzike pamoja na kasha siku ukiiuza. Nimenunua kengele mbili ambazo fundi wa kabla yangu aliondoa mota kwa koleo na kuitupa. Kasha lilikuwa zima, kengele ikalia vizuri, na saa haikuweza tena kuwa yake. Hizo mbili zilinihuzunisha zaidi ya zile nilizozikuta zimeungua.

Ukitaka kurudi nayo nyumbani

Wengi wetu tunanunua tukiwa na nyumba ya Tanga au Kisumu akilini. Hapa ulinganisho unageuka kabisa. Afrika Mashariki umeme ni hezi 50, na mota hii imeundwa kwa hezi 60. Transfoma ya kushusha volti 230 au 240 hadi 120 haibadilishi hezi. Saa itakwenda, lakini kila saa moja itaonyesha dakika 50, na kwa siku nzima itapoteza saa nne. Koili nayo itapata joto zaidi ya ilivyopangiwa. Na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa kwetu bila transfoma, itaungua.

Kwa Muscat na Dubai ni hivyohivyo, hezi 50. Saudi Arabia wana hezi 60, kwa hiyo huko mota itashika saa sawasawa ukiwa na transfoma ya kushusha.

Basi kwa anayekwenda Mombasa nasema bila kusita: tia mashine ya betri, mota uifunge kwenye mfuko. Kengele yenyewe haina shida, maana koili haijali sana kama ni hezi 50 au 60. Kinachotakiwa ni volti 16 hivi. Transfoma nyingi za kengele za mtindo wa Uingereza hutoa volti 8, na nondo itajikokota tu bila kugonga. Ukipata inayotoa 16, umemaliza.

Kasha la plastiki au la bati

Hili nitalipita haraka. Bati lililopigwa rangi ya kuoka linaoshwa kwa sabuni na maji vuguvugu, mafuta ya jikoni ya miaka mingi yakatoka, na chini yake rangi ni mpya. Plastiki nyeupe hugeuka manjano, na ya baada ya vita huyeyuka ukiigusa na tina ya kuzimulia rangi au dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nyufa kwenye kona za skrubu ni za kawaida, kwa hiyo usikaze. Kwa sura, plastiki ina mikunjo mizuri ambayo bati haliwezi. Kwa kudumu, bati.

Uso wa saa usiuoshe kabisa. Wino wa nambari ukilowa unaondoka na kitambaa.

Kengele yenyewe, kwa ufupi

Nondo ikikwama usitie mafuta. Mafuta hushika vumbi na baada ya miezi itakwama zaidi. Ivute, ifute kwa spiriti, safisha na tundu la koili, irudishe kavu. Vipande vya mpira vinavyoshikilia vibao huwa vigumu kama mbao, na hapo kibao hulia kama sufuria iliyopasuka. Badilisha mpira tu, na sauti inarudi. Wengi hudhani kibao ndicho kibovu na wanakitupa.

Ikiwa mlangoni una kitufe chenye kamera, fikiri vizuri. Vitufe hivyo huhitaji volti 16 hadi 24 na hupitisha umeme kidogo kupitia kengele muda wote. Koili za zamani hunguruma, na zikishikwa na umeme mfululizo hupata moto, maana zilitengenezwa kwa mguso wa sekunde moja. Nyumbani kwangu nimeacha kitufe cha kawaida, kisicho na taa, na kamera ina waya wake peke yake.

Mwisho wa simu ya Louisville

Binamu yangu alizigeuza. Ya mirija mirefu ilikuwa na tundu la mraba mahali pa mota, limekatwa kwa msumeno, na mashine ya betri imegundishwa ndani. Ile fupi ya bati ilikuwa na Telechron, volti 120, hezi 60, na waya uliopasukapasuka. Hatukuichomeka, nilimkataza. Akapima kwa mita ya mwenye duka la karibu: omu mia saba na kitu.

"Lakini ile ya mirija inalia vizuri, kaka," akasema.

"Inalia. Ila saa yake imekwisha. Chukua fupi."

Alichukua fupi. Mwezi uliofuata tuliifungua pamoja jikoni kwake, tukabadilisha waya, tukatoboa rota na kuitia mafuta, tukafuta nondo. Ilianza kwa kelele, baada ya dakika kumi ikanyamaza na akrabu ya sekunde ikawa inateleza. Kabla ya kufunga kasha nilimwomba penseli na karatasi. Tukaandika tarehe, waya mpya, rota imetiwa mafuta na kuzibwa, transfoma ya volti 16, hakuna kilichokatwa. Tukaikunja, tukaitia ndani nyuma ya vibao, mahali ambapo fundi atakayeifungua baada yetu ataikuta kwanza.